Sasisho moja lililoanza upya mara tisa: kisa cha kompyuta ya steshenari, Nkuhungu

Kisa hiki nilikikosea mwanzoni. Ndiyo maana nakiandika chote, pamoja na siku ile niliyoondoka dukani kifua mbele nikidhani nimemaliza kazi.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatano, Julai 23, 2025, saa nne asubuhi. Mama mwenye steshenari pale Nkuhungu hakuwa hata na muda wa salamu. "Fundi, imeanza tena. Watoto wa mikopo wamejaa hapa, yenyewe inazunguka duara tu." Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na kwa steshenari yoyote ya Dodoma msimu huo ndio mavuno. Mtoto anakuja na cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa na vyeti vya wazazi, anataka viskaniwe, vipandishwe mtandaoni, fomu ichapwe, asaini, iskaniwe tena. Kompyuta ikiganda nusu saa, wateja wanahamia duka la pili, hatua ishirini kutoka hapo.

Mashine yenyewe ni deskitopu ya mtumba, ile nyembamba ya maofisini. Prosesa ni Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ni GB 4, Windows 10 toleo la 22H2. Kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipoifungua: aliyeiuza aliondoa diski yake ya asili na kuweka diski ndogo ya laptopu, ya GB 500, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ni mchezo wa kawaida sokoni. Mnunuzi anasoma "GB 500" kwenye karatasi na kuridhika, maana kasi ya diski haiandikwi popote.

Siku ile nilifungua mfuniko nikakuta ninachokikuta kila Julai. Huku kwetu mvua zikishakatika Aprili, kinachobaki ni upepo na vumbi hadi Desemba, na barabara ya mbele ya duka lile haina lami. Feni ilikuwa imevaa sufi ya vumbi jekundu, unaweza kuibandua kama gamba. Nikapuliza, nikafuta, nikabadilisha grisi ya prosesa. Joto lilishuka kutoka nyuzi 84 hadi 58. Nilipoiwasha ikawa nyepesi, wateja wakahudumiwa mchana kutwa, nikalipwa, nikaenda zangu.

Sasa najua kwa nini ilikuwa nyepesi mchana ule. Sasisho lilikuwa limeshashindwa kwa siku hiyo na kunyamaza. Vumbi lilikuwa tatizo la kweli, ila halikuwa tatizo nililoitiwa.

Alhamisi, Agosti 7, nikaitwa tena. Safari hii mama alikuwa na hukumu mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba. Fundi, apdeti ndiyo inayoniua. Mwenzako aliyepita hapa juzi kasema iuliwe kabisa, isirudi tena. Iue." Nikamwomba aniache nikae mbele ya mashine dakika ishirini bila kugusa kitu. Hilo ndilo nililopaswa kulifanya Julai.

Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi zinazoendelea, ilifunguka baada ya dakika mbili na ushee. Prosesa ilikuwa asilimia 31, haina shida. RAM ilikuwa imejaa GB 3.6 kati ya 4. Diski ilikuwa asilimia 100, haishuki. Wengi wakiona 100 hiyo wanasema diski inafanya kazi kwa nguvu zote, lakini pembeni yake pana namba nyingine ambayo watu hawaisomi, nayo ni kiasi cha data kinachopita. Hapo ilikuwa MB 1.1 kwa sekunde. Diski ileile ukiipa video moja kubwa ya kunakili itapitisha MB 80 au zaidi. Mia kwa mia, na bado inatoa MB 1.1?

Hesabu yake haina uchawi. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Ukiomba kipande cha data, kwa wastani utasubiri nusu mzunguko, milisekunde tano na nusu, ili kipande kifike chini ya kichwa cha kusomea. Kabla ya hapo kichwa chenyewe kimesogea kwenda kwenye mstari husika, weka milisekunde 12. Jumla 17 au 18 kwa ombi moja, yaani maombi chini ya 60 kwa sekunde. Vipande vikiwa vidogo vya KB 16 au 20, unapata hiyo MB 1 na kitu. Diski haikuwa imelala wala haikuwa mbovu. Ilikuwa inakimbia huku na huko kama binti wa dukani anayetumwa stoo kuchukua karatasi moja, akirudi anatumwa tena kuchukua nyingine, siku nzima.

Nani alikuwa anamtuma? Nikafungua Resource Monitor, inayoonyesha programu ipi inatumia diski kiasi gani, nikapanga kwa wingi wa kusoma na kuandika. Wa kwanza TiWorker.exe, yule anayefunga masasisho ya Windows: anafungua vifurushi, analinganisha maelfu ya faili za mfumo na zilizopo, anaandika mpya, anahifadhi za zamani ili ikishindikana arudi nyuma. Wa pili MsMpEng.exe, antivairasi ya Windows yenyewe, iliyokuwa ikikagua kila faili ambalo TiWorker analigusa, kwa hiyo kila safari ya stoo ilikuwa na mkaguzi mlangoni. Wa tatu alikuwa faili la pagefile.sys. RAM ikijaa, Windows hutoa vitu na kuviweka kwa muda kwenye diski, na diski ni hiyohiyo moja. Kivinjari kilikuwa na kurasa kumi na mbili wazi, Word ipo wazi, WhatsApp ipo wazi. Kazi tatu zinagombea kichwa kimoja cha kusomea. Prosesa ilionekana imetulia kwa sababu ilikuwa inasubiri.

Hapo binti anayemsaidia mama, mchapaji hodari kuliko mimi, akatoa ushahidi mzuri bila kujua. "Kaka, mimi ikianza hivyo huwa nachomoa modemu. Haisaidii." Haiwezi kusaidia kweli. Kupakua sasisho ni kazi nyepesi, kunakula bando tu. Kazi nzito ni ya baada ya hapo, na kufikia saa hizo haihitaji intaneti hata chembe. Kwa hiyo alikuwa anawanyima wateja mtandao huku mgomvi yuko ndani ya nyumba.

Lakini bado nilikuwa na swali. Sasisho la kila mwezi la Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu kipindi hicho cha mwaka ni saa mbili usiku. Ndiyo maana Jumatano inayofuata huwa mbaya kwa mashine za kizee. La Julai lilitoka Julai 8. Mimi nimekaa hapo Agosti 7, na la Agosti halijatoka bado. Sasa linafungwa lipi?

Nikafungua historia ya masasisho. Sasisho lenye namba ileile ya KB, yaani namba ya utambulisho wake, lilikuwa limeshindwa mara tisa. Mama aliamini kompyuta inasasishwa kila siku. Ukweli ni kwamba ilikuwa inajaribu sasisho moja tangu mwezi uliopita, inafika mahali inaanguka, kesho yake inaanza tena mwanzo.

Majaribio matano ya kwanza yalikuwa na msimbo 0x80070070, ambao maana yake ni fupi: nafasi imekwisha. Diski ya GB 500, ambayo Windows huihesabu kuwa 465, ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C ya GB 80 yenye Windows na D ya 385. D ilikuwa tupu karibu yote. C ilikuwa imebakiwa na GB 3. Kugawa hivi ni mazoea yetu mafundi wa zamani, kwamba Windows ikifa faili za mteja zibaki salama upande wa D. Sawa, ila hakuna mteja anayehifadhi D. Kila fomu, kila wasifu wa mwombaji kazi, kila picha ya pasipoti iliyotumwa WhatsApp ilikuwa imetua kwenye folda ya vipakuliwa, upande wa C, GB 19 za watu ambao wameshasahau kama waliwahi kufika dukani pale.

Manne ya mwisho hayakuwa na msimbo huo. Nikamuuliza binti kama kuna kitu alifuta. Akafikiri kidogo. "Ndiyo, kuna video za harusi za mteja, nilifuta mwishoni mwa Julai, ilikuwa inaniandikia diski imejaa." Basi nafasi ilipatikana, sasisho likaanza kufika hatua ya mwisho, ile ya kuzima na kuwasha upya. Nini tena kikawa kinalikata?

"Jioni mnafungaje?"

Wakatazamana. Binti akasema: "Nikibonyeza kuzima inaandika inafanya kazi ya masasisho, nisizime. Inafika asilimia 30, inakaa hapohapo. Bajaji inasubiri nje, mama ameshashusha geti nusu. Nafanyaje, kaka? Nazima ukutani."

Akanionyesha swichi. Juu yake pamebandikwa utepe mweupe, na kwa kalamu ya maka nene pameandikwa ZIMA USIKU. Ni mwandiko wa mama mwenyewe. Mwaka juzi umeme ulirudi kwa nguvu usiku, friji ya jirani ikaungua, na tangu hapo hakuna kinachobaki kwenye umeme duka likifungwa. Huwezi kumlaumu. Asubuhi yake mashine ikiwashwa inakuta sasisho limekatwa katikati, inaanza kutendua mabadiliko, dakika arobaini za skrini ya bluu na duara, wateja foleni. Ikimaliza kutendua inagundua kuwa inadaiwa sasisho, inaanza kulifunga upya mchana. Jioni, swichi.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa na tabaka tatu, na kila moja lilimficha mwenzake. Diski ndogo ya mwendo wa kobe iliifanya kazi iwe ndefu. C iliyojaa iliangusha jaribio kabla halijafika mbali. Na nafasi ilipopatikana, urefu uleule wa kazi ukaisogeza hadi saa ya kufunga duka, ikakutana na swichi. Ukiondoa moja tu, dalili inabaki ileile, na ndivyo vumbi langu la Julai lilivyonidanganya.

Kabla ya kutibu nilisoma afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Sekta zinazosubiri kuhamishwa zilikuwa sifuri. Zingekuwepo nyingi nisingeendelea. Diski inayokufa ukiipa kazi ya saa tano unaimalizia. Nikanakili kazi zote za duka kwenye diski ya nje, kisha nikaanza kufungua nafasi. Vipakuliwa nikavihamishia D, na folda yenyewe nikaielekeza D ili binti aendelee kubonyeza palepale alipozoea. Nikasimamisha huduma ya masasisho kwa net stop wuauserv na ya upakuaji kwa net stop bits, nikafuta vilivyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, mabaki ya majaribio tisa, karibu GB 7. Nikazima hibernation, ule usingizi wa kompyuta unaohifadhi yaliyomo kwenye RAM ndani ya diski, kwa powercfg /h off, GB moja na nusu ikarudi. Mwisho DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, iondoe faili za mfumo zilizopitwa. C ikawa na GB 34 wazi.

Neno kwa vijana wanaojifunza: folda ya WinSxS mtaiona ni kubwa mno na mkono utawasha. Msifute kwa mkono. Faili nyingi mle ni zilezile zilizopo kwingine ndani ya Windows, zimeunganishwa zionekane sehemu mbili, na ukubwa unaousoma unahesabu mara mbili. Ukiingia na kisu unakata mizizi, na masasisho hayatafungwa tena.

Bahati ilikuwa upande wetu, kesho yake ilikuwa Nane Nane na nusu ya mji ingekuwa Nzuguni kwenye maonyesho. Nikamwomba mama afunge duka siku hiyo, aongeze LUKU, na swichi ile isiguswe. Alisita sana kwenye hiyo ya mwisho. Nikaanzisha sasisho saa kumi na mbili jioni, hakuna kivinjari, hakuna Word. Lilimalizika saa tano na dakika kumi usiku, nilikesha nalo kwenye stuli ya plastiki. Saa tano na dakika kumi kamili za kazi, kwa sasisho ambalo kwenye mashine yangu huchukua muda wa kunywa chai. Duka lile hufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo lisingemalizika hata siku moja kati ya mchana wenye wateja na jioni yenye bajaji.

Sasa lile ombi la "iue kabisa". Nililikataa, na mama alininunia kidogo. Duka hilo linapokea flashi za watu hamsini sitini kwa siku, kutoka vyuoni, maofisini, makanisani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, kilikuwa kimetolewa Machi 14 mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Waliofunga kiraka hawakuguswa kupitia tundu lile. Kuzima masasisho kwenye steshenari ni kuuza kufuli ili mlango ufunguke haraka. Tena masasisho haya ni ya kujumlisha, la Agosti linabeba ya Julai na ya nyuma yake, kwa hiyo kuruka mwezi mmoja hakukulimbikizii deni la vifurushi kumi. Unaweza kulisogeza. Windows 10 inaruhusu kusimamisha hadi siku 35, basi msimu wa mikopo ukifika tunasimamisha, Jumapili isiyo na kazi tunaachia. Saa za kazi nimeziweka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, isijiwashe upya mbele ya mteja.

Sasisho la Agosti 12 lilikuja tukiwa bado na diski ya zamani. Sasa lilikuwa na nafasi na halikukatwa: saa nne na robo, bila kosa. Hapo ndipo nilipomwambia mama habari ya kununua, si kabla. Fundi anayeanza na orodha ya vifaa hawezi kujua baadaye ni kipi kilichotibu.

Mwisho wa Agosti tuliweka SSD ya GB 240, nikahamishia C yote huko na kuitanua. Diski ya zamani ikabaki ndani kama D, kazi ya kutunza inaiweza. Nikaongeza kijiti cha RAM cha GB 4 kilichotumika, aina ya DDR3, jumla ikawa 8. SSD haina kichwa kinachokimbia wala sahani inayosubiriwa, yale maombi 60 kwa sekunde yanakuwa maelfu. Vyote viwili vilimgharimu mama laki moja na elfu tano, mbali na ufundi. Ningelazimika kuchagua kimoja ningechagua SSD bila kufikiri.

Tulipima tena Septemba 9. Kufunga kulichukua dakika 38 huku binti akiendelea kuchapa, na hatua ya kuzima na kuwasha upya dakika nne. Dakika nne hizo ndizo zilizonifurahisha zaidi, kwa sababu ndicho kipindi ambacho umeme ukikatika unaumia, na hata UPS ndogo, ile betri ya akiba, inaweza kukibeba. Kwa ile hatua ya zamani ya karibu saa nzima ingekuwa mapambo.

Limebaki jambo moja nililomweleza mama mapema asije akasema nilimficha. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho Oktoba 14, 2025, nayo ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, chipu ya usalama, hii ya kizazi cha nne haimo. Kuna njia zisizo rasmi za kuilazimisha; kwa mashine inayolisha familia sizipendi. Mwaka 2025 ulitolewa mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo ukihifadhi mipangilio kupitia akaunti ya Microsoft. Tulijiandaa kwa hiyo ya pili. Mwaka huo mmoja ulikuwa wa kuweka akiba ya mashine nyingine, na SSD ahame nayo.

Nilipokuwa nafunga mfuniko mama akauliza habari ya swichi. Friji ya jirani haijatoka akilini mwake. Nikamwambia usiku aendelee kuizima, ila baada ya taa ya mbele ya kompyuta kuzimika yenyewe. Akabandua ule utepe, akakata mwingine, akaandika kwa maka ileile: ZIMA TAA IKIFA. Binti akasema herufi zimepinda. Mama akamwambia aandike yeye basi, na akaandika.